Nafasi Ipo, Imekaliwa: Majibu kwa Madai Sita Kuhusu Maegesho ya Katikati ya Dar

Mjadala wa maegesho ya katikati ya Dar es Salaam haufi. Hulala kidogo, kisha foleni ya Msimbazi ikizidi au ada ikiguswa, huamka na madai yale yale: kwenye vipindi vya asubuhi redioni, kwenye vikao vya madiwani, kwenye baraza za maduka. Yapo yenye punje ya ukweli, na yapo yaliyorudiwa mpaka hakuna tena anayeyahoji. Hapa nayachukua sita, moja baada ya jingine, kwa sababu maamuzi ya mabilioni ya shilingi huweza kujengwa juu yake.

Kwanza mazingira. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam una watu 4,364,541. Ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na wengi wao, siku moja au nyingine, wana shughuli Posta au Kariakoo. Mitaa ya huko haikuongezeka. Mpangilio wa Kariakoo, ile mitaa iliyonyooka na kukatana kama iliyopigwa rula, ulichorwa zama za Wajerumani kwa ajili ya nyumba za chini zenye ua nyuma. Leo kwenye viwanja hivyo hivyo yamesimama maghorofa, na barabara inayopita mbele yake imebaki na upana wa enzi ya nyumba za chini.

Kwa hiyo shida ni ya kweli. Ninachopinga ni maelezo yake. Tatizo la kwanza la katikati ya jiji letu ni namna nafasi zilizopo zinavyogawiwa, na hilo hutatuliwa kwa ada na utaratibu kabla ya kumwaga zege.

Dai la kwanza: “Mjini hakuna maegesho, nafasi hazitoshi.”

Anayesema hivi hadanganyi kuhusu alichokiona. Pita Samora saa 5 asubuhi, au Mtaa wa Aggrey wakati wowote wa mchana, utakuta magari yamepangana pande zote mbili. Lakini kuona nafasi imejaa hakukuambii ni ya nani na imejaa tangu saa ngapi.

Katika mitaa mingi ya biashara, anayewahi nafasi ya mbele ya duka ni mwenye duka mwenyewe, au mfanyakazi wa ofisi ya ghorofani. Anafika saa 2 asubuhi, anaegesha, na gari linabaki palepale hadi saa 12 jioni. Mteja anayetaka dakika 40 tu za kununua vitambaa, kulipa bili au kuonana na wakili, anakuta mlango umefungwa kabla hajatoka nyumbani. Kinyozi mwenye viti vitatu, akiwaachia watu watatu wavikalie kutwa nzima wakitazama mpira, hawezi kulalamika kwamba ana upungufu wa viti.

Tupige hesabu. Chukua mtaa wenye nafasi 100. Kila gari likikaa saa kumi, mtaa umehudumia magari 100 kwa siku. Sasa weka utaratibu unaofanya gari la kawaida likae saa moja, na uache nafasi 20 wazi wakati wote ili anayefika apate pa kuingia. Nafasi 80, mara saa kumi, ni magari 800. Hakuna tofali lililoongezwa, hakuna jengo lililobomolewa, na mtaa umehudumia mara nane zaidi. Hesabu hii ni ya kwenye karatasi, na mtaani matokeo yatapungua kidogo. Hata yakipungua nusu, ni wateja 400 dhidi ya 100. Kabla ya kusema nafasi hazitoshi, tuseme kwanza kila nafasi inahudumia watu wangapi.

Dai la pili: “Dawa ni kujenga maghorofa ya maegesho.”

Hili ndilo dai linalopendwa zaidi, kwa sababu jengo huonekana, huzinduliwa na hukatiwa utepe. Siyakatai maghorofa hayo popote na daima. Naukataa mpangilio wa kuanza nayo.

Gari dogo likisimama linataka takriban mita 2.5 kwa mita 5, yaani mita za mraba 12.5. Ndani ya jengo linahitaji pia njia ya kupita, pa kugeukia na mteremko wa kupandia. Ukijumlisha yote, gari moja hula kati ya mita za mraba 25 na 30. Jengo la magari 500 basi linataka sakafu ya mita za mraba 12,500 hadi 15,000. Viwanja vya Kariakoo vilipimwa kwa ajili ya nyumba ya familia, hivyo mteremko peke yake ungemaliza sehemu kubwa ya kiwanja kimoja. Utalazimika kuunganisha viwanja kadhaa katika eneo ambako fremu moja ya duka hugombaniwa kwa kilemba. Kuchimba chini nako kuna gharama zake. Posta na Kivukoni ziko ufukweni, na unaposhuka chini ya ardhi huko hukawii kukutana na maji, ambayo yatataka kuzuiwa na kusukumwa nje muda wote wa uhai wa jengo.

Tuseme fedha zimepatikana na jengo limesimama. Magari 500 yanayoingia humo asubuhi hayashuki kutoka angani. Yanapita Uhuru, Bibi Titi, Lumumba na Msimbazi, barabara zile zile ambazo tayari zimeelemewa. Tutakuwa tumewapa watu sababu mpya ya kuja na gari hadi kitovuni, bila kuwaongezea hata mita moja ya barabara ya kuwafikisha.

Na kuna jambo la bei. Ada ya kuegesha barabarani iliyozoeleka Dar ni shilingi 500 kwa saa. Jengo lililogharimu mabilioni haliwezi kujilipa kwa ada kama hiyo isipokuwa serikali ilibebe. Likitoza zaidi, dereva ataendelea kuzunguka mtaani akivizia nafasi ya bei nafuu mbele ya duka, na jengo litabaki na sakafu tupu huku foleni ikiendelea chini yake. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake: barabarani, ambako ni karibu na mlango, kuwe ghali kuliko ndani ya jengo, ili anayekaa muda mrefu aende ndani na anayekuja mara moja apate nje. Bila kurekebisha hilo kwanza, ghorofa la maegesho ni hasara iliyopakwa rangi.

Dai la tatu: “Kila jengo jipya lilazimishwe kuwa na maegesho yake.”

Tayari kanuni zetu za mipango miji zinamtaka mjenzi atenge nafasi za magari kulingana na ukubwa na matumizi ya jengo. Kwenye ramani iliyopitishwa, nafasi zipo. Ukishuka chini ya baadhi ya majengo ya Kariakoo unakutana na stoo, marobota ya nguo na fremu zilizopangishwa. Watu husema huo ni ukaidi wa wenye majengo, na sheria iliyovunjwa ni sheria iliyovunjwa. Lakini tujiulize kwa nini inavunjwa pale hasa. Mita za mraba 25 za stoo katikati ya soko kubwa kuliko yote nchini zina thamani kubwa mno kuliko gari moja lililolala. Kanuni inamwamuru mwenye jengo atumie ardhi ghali kwa kazi yenye faida ndogo kuliko zote, naye anaikwepa.

Wapo watakaosema, basi tukaze usimamizi. Tukikaza, gharama haitatoweka, itahama. Mwenye jengo aliyelazimishwa kujenga sakafu mbili za magari ataiweka gharama hiyo kwenye kodi ya fremu, na mwenye fremu ataiweka kwenye bei ya shati. Mama aliyekuja na daladala kutoka Gongo la Mboto kununua sare za watoto atakuwa anachangia maegesho ya gari asilokuwa nalo.

Miji mingine imeshaliona hili. London iliachana na viwango vya chini vya maegesho mwaka 2004 na kuweka viwango vya juu: mjenzi hakulazimishwa tena kujenga nafasi nyingi, aliambiwa asizidishe. Jiji la Mexico, ambalo kwa wingi wa watu na foleni linatuzidi mbali, lilifanya hivyo mwaka 2017. Japani ilipita njia nyingine kabisa. Tangu sheria ya 1962, anayetaka kumiliki gari anapaswa kuthibitisha kwamba ana mahali pa kulilaza. Hapo mzigo umewekwa kwa mwenye gari, ambaye ndiye anayehitaji nafasi.

Kwa Kariakoo na Posta, ningefuta sharti la kiwango cha chini kwa majengo ya biashara, nikabakiza sharti moja tu kali: kila jengo lioneshe mahali pa kupakia na kushusha mizigo. Hicho ndicho soko linachokikosa kweli.

Dai la nne: “Ada ikipanda, wateja watakimbia na biashara itakufa.”

Ninaielewa hofu hii. Mfanyabiashara wa Kariakoo ameshapitia mengi: soko kuu kuungua Julai 2021, mivutano ya kodi, mitaa kufungwa kwa ujenzi. Kumwongezea jambo jipya kunataka sababu nzuri.

Lakini mteja wake ni nani? Wanunuzi wa reja reja wengi hushuka daladala, mwendokasi, bajaji au bodaboda. Mnunuzi wa jumla anayetoka Tunduma, Lubumbashi, Lilongwe au Moroni hakuja na gari lake dogo. Amekuja na fedha na orodha, na anachohitaji ni kuli, mkokoteni, guta au kirikuu cha kumfikishia marobota kwa wakala wa usafirishaji. Mzigo wake hukwama kwa sababu upande wa barabara ambako kirikuu kingesimama dakika 20 umekaliwa kutwa na gari dogo, na kirikuu kinalazimika kusimama katikati ya njia. Baada ya hapo mtaa mzima unapiga honi.

Tena, ada nzuri haina maana ya ada kubwa kila mahali. Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza maegesho na kufariki mwaka 2025, alipendekeza kipimo rahisi: toza kiasi kinachoacha nafasi moja au mbili wazi katika kila kipande cha mtaa. Pakijaa daima, bei iko chini mno. Pakibaki patupu, iko juu mno, ishushwe. San Francisco ilianza kujaribu utaratibu wa namna hiyo mwaka 2011, ikibadili ada kidogo kidogo kwa mtaa na kwa saa. Katika mitaa yenye msongamano ada ilipanda, kwingine ilishuka, na wastani wake katika maeneo ya majaribio ulishuka kidogo.

Wenye maduka wa Old Pasadena, karibu na Los Angeles, walihofu kama wenzao wa Kariakoo wanavyohofu. Walikubali mita za maegesho zifungwe mwaka 1993 baada ya kuahidiwa kwamba mapato yatatumika kwenye mitaa yao: kusafisha, kuweka taa, kukarabati njia za miguu. Mitaa hiyo iliyokuwa imechakaa ikageuka kivutio. Sidai kwamba mita peke yake ndizo zilizofanya kazi hiyo. Nasema hazikuua biashara, na wenye maduka walikuwa na sababu ya kuzitetea.

Dai hili lina haki moja ambayo naipa uzito. Mteja anayebeba jokofu au mabati anahitaji kufika mlangoni. Huyo apewe nusu saa ya kwanza kwa bei ndogo au bure, kwenye sehemu iliyochorwa kwa ajili ya kupakia. Na malori makubwa, Fuso na makontena, yahamie usiku. Mwaka 2025 serikali ilizindua biashara ya saa 24 Kariakoo, na faida yake ya haraka kuliko zote ingekuwa kushusha mizigo wakati barabara imelala.

Dai la tano: “Ada ya maegesho ni mradi wa kukamua wananchi tu.”

Hapa wanaolalamika wana hoja, na ningekuwa mwanasiasa nisingewacheka. Dereva anayegundua kwenye simu kwamba gari lake linadaiwa ada za siku ambazo hakuona hata karatasi kwenye kioo, ana haki ya kuhisi ametegwa. Anayelipa kila siku huku mtaro ulio mbele ya gari lake ukifurika maji machafu, ana haki ya kuuliza fedha imekwenda wapi. Ada inayofanana saa 3 asubuhi na saa 10 jioni, katika mtaa uliojaa na ule mtupu, haipangi chochote. Inakusanya tu.

Lakini hasira hiyo inahusu namna ada inavyotozwa na kutumiwa. Haithibitishi kwamba nafasi ya barabarani itolewe bure. Barabara ni mali ya umma, na mita za mraba 12.5 za Mtaa wa Samora ni miongoni mwa ardhi yenye thamani kubwa nchini. Kumwachia mtu mmoja aikalie kutwa bila malipo ni kumpa zawadi ambayo wengine wote wameilipia.

Kwa hiyo nataka mambo matatu kutoka kwa yeyote anayekusanya ada hiyo. Kwanza, bei ya kila mtaa na saa zake zibandikwe mahali zinapoonekana. Pili, dereva apate taarifa ya deni siku ile ile, na awe na pa kupinga akionewa. Tatu, sehemu ya mapato inayojulikana irudi kwenye mtaa ilikotoka, na tangazo libandikwe mtaani: mwezi huu kimekusanywa kiasi hiki, kimejenga hiki.

Ningeongeza onyo moja kwa wale watakaoshawishika kumkabidhi mtu binafsi kazi yote kwa mkataba mrefu. Mwaka 2008 Chicago ilikodisha mita zake za maegesho kwa miaka 75 kwa takriban dola bilioni 1.15. Fedha zilitumika haraka, mkataba ukabaki. Jiji likitaka kuondoa nafasi hizo ili lipanue njia ya miguu au lipitishe mabasi, lazima limfidie mwekezaji. Mkandarasi wa kukusanya anaweza kuajiriwa na kuachishwa, lakini mamlaka ya kupanga bei na matumizi ya mtaa hayauzwi.

Dai la sita: “Atakayeumia ni mwananchi wa kawaida.”

Asiyekuwapo na lake halipo. Katika mjadala wa maegesho wanaosikika ni wenye magari, na anayetembea kwa miguu kutoka kituo cha Gerezani hadi Mtaa wa Congo hana kipindi cha redio. Ndiye mwananchi wa kawaida wa mji huu. Anashuka barabarani, kati ya bajaji na mikokoteni, kwa sababu njia ya miguu imeegeshwa gari.

Kumbukeni Oktoba 2021. Wamachinga waliondolewa kando ya barabara za Dar kwa hoja kwamba njia ya miguu ni ya waenda kwa miguu. Hoja hiyo ni sahihi, basi na itumike kwa wote. Meza ya machinga ilichukua mita mbili za mraba na kulisha familia. Gari lililopandishwa kwenye njia ile ile linachukua zaidi ya mara sita ya hapo na halimlishi yeyote mpaka jioni. Jiji lililomhamisha wa kwanza kwa mgambo na buldoza haliwezi kushindwa kumtoza wa pili.

Hapa hutokea jibu la kawaida: tusubiri mwendokasi ukamilike, watu wataacha magari wenyewe. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016 kwenye njia ya karibu kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, yakiwa na tawi la Kariakoo na la Morocco. Miaka imepita na magari bado yamejaa mbele ya maduka yale yale yaliyo hatua chache tu kutoka kituoni. Mwenye uhakika wa nafasi ya bure au ya bei ya chai hana sababu ya kupanga foleni kituoni. Ni kweli pia kwamba kupandisha ada huku abiria wakibanwa hadi mlangoni ni adhabu isiyo na njia ya kutokea. Mambo hayo mawili lazima yaende pamoja: mabasi zaidi kwa upande mmoja, bei halisi ya nafasi kwa upande wa pili, na sehemu ya fedha ya upande wa pili isaidie upande wa kwanza.

Yote haya yanaweza kupimwa, na kipimo chake tayari kipo. Tangu TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, ilipoingiza mfumo wa kielektroniki wa ada za maegesho mwaka 2021, ada haihitaji risiti ya karatasi: mkusanyaji huandika namba ya gari kwenye mashine, na mashine hutunza mahali na saa. Maana yake, swali la dai la kwanza, kama nafasi hazitoshi au zimekaliwa na magari yale yale kutwa, lina majibu yaliyolala kwenye kompyuta ya serikali. Zichukuliwe kumbukumbu za mwezi mmoja za mitaa mitatu, tuseme Samora, Aggrey na Msimbazi, namba za magari zifichwe, na takwimu zitangazwe: magari mangapi yalikaa chini ya saa moja, mangapi yalikaa zaidi ya saa sita. Zikionesha kwamba nafasi zinazunguka vizuri na bado mtaa umejaa kila saa, nitakuwa wa kwanza kuunga mkono ghorofa la maegesho. Diwani yeyote atakayeletewa mkataba wa ghorofa hilo kabla ya kuziona takwimu hizo, asiupitishe.